Mama anaficha vidonge vya usingizi, na upasuaji wa moyo ni mwezi ujao

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mtoto wa pili kati ya watatu. Mama yetu ana miaka 73. Valvu ya aota ya moyo wake imekaza, na mishipa miwili inayolisha misuli ya moyo imeziba, kwa hiyo madaktari watamfungua kifua, wabadilishe valvu na kumuunganishia mishipa kwa wakati mmoja. Upasuaji umepangwa mwezi ujao. Akipanda ngazi husimama katikati akihema, na majuzi alianguka akazimia. Sipingi upasuaji. Linalonikosesha raha ni jingine.

Mwaka juzi baba yetu mdogo alipasuliwa moyo. Kazi yenyewe ilikwenda vizuri, akaamka, akatutambua wote. Usiku wa pili akageuka mtu mwingine. Alichomoa dripu, akang'ang'ana kushuka kitandani, akamwambia mke wake mbele ya manesi kwamba amekula njama na madaktari wamuue. Alisema kuna mtu mrefu amesimama kando ya kitanda anamtazama na hataki kuondoka. Walimfunga mikono kwa vitambaa. Ilipita karibu wiki nzima ndipo akatulia, na mpaka leo kwenye familia yetu jambo hilo halitajwi. Mama alikuwepo siku ile. Tulipokuwa tunatoka alinishika mkono akasema, "Mimi nikifika pale, bora Mungu anichukue kuliko watoto wangu kuniona hivyo."

Sasa kuna siri. Tangu baba alipofariki, mama hulala kwa vidonge. Ni diazepam. Anavinunua mwenyewe, kila usiku anameza kimoja, na siku akiwa na mawazo anameza viwili. Nilivikuta kwenye mkoba wake nilipokuwa namtafutia kadi ya kliniki. Alilia, akaniapisha nisimwambie mtu, hasa kaka yangu, "maana ataniona nimekuwa mtu wa kulewa dawa." Tulipokwenda kumwona daktari wa usingizi, yule atakayemlaza wakati wa upasuaji, na akaulizwa anatumia dawa gani, alitaja za presha na za moyo, akanyamaza. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Alinitazama mara moja tu, na mimi nikanyamaza.

Kaka yangu anasema mama asiambiwe lolote kuhusu kuchanganyikiwa baada ya upasuaji. Anasema nikimtia hofu atakataa, na akifa kwa moyo lawama ni zangu. Mdogo wangu anataka tumwombe daktari ampe mama dawa ya kuzuia hali hiyo mapema, na tumsihi daktari wa usingizi apunguze dozi, kwa sababu anaamini baba mdogo alizidishiwa. Shangazi anasema ni ile mashine inayoshika kazi ya moyo wakati wa upasuaji, kwamba inaharibu ubongo na hakuna awezaye kuzuia.

Zaidi ya hayo mama ni mzima wa akili. Sikio moja halisikii vizuri, na kile kifaa cha sikioni anakiacha kabatini kwa sababu hataki kuonekana mzee. Siku hizi husahau kidogo, anaweza kurudia swali alilouliza asubuhi, lakini huo ni uzee tu. Hesabu za nyumba anazifanya mwenyewe, ingawa tangu mwaka jana mimi ndiye ninayezipitia.

Nivunje kiapo nimwambie daktari habari za vidonge, au nikitunze? Mama azungumzwe naye kuhusu hali hii, au kaka yuko sahihi? Kuna lolote ambalo sisi watoto tunaweza kufanya, au ni kusubiri na kuomba tu? Na ikitokea nikamkuta haeleweki, nimwambie nini?

Mtoto wa Kati

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Unampeleka mama yako kwenye upasuaji mkubwa, umebeba siri yake, ndugu zako kila mmoja anavuta upande wake, na katikati ya yote kuna picha ya baba mdogo aliyefungwa mikono. Wengi wanaoandika kwenye safu hii huuliza kuhusu kidonda, gharama au mashine. Wewe umeuliza kuhusu akili ya mgonjwa, na nakushukuru, kwa sababu hilo familia nyingi hulikuta tayari limeshatokea.

Nianze na baba mdogo, kwa kuwa yeye ndiye anayewaogopesha nyote. Kilichompata madaktari hukiita diliriamu: akili kuvurugika kwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, kwa sababu mwili umeelemewa. Mgonjwa hashiki jambo, anapoteza saa na mahali, anaona visivyokuwepo, na hali hupanda na kushuka; asubuhi anaongea vizuri, usiku ni mwingine. Baada ya upasuaji wa moyo huonekana mara nyingi katika siku nne za mwanzo. Wala si jambo la nadra. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia watu 225 wenye umri wa miaka 60 na zaidi waliopasuliwa moyo, na karibu nusu yao, asilimia 46, walipitia hali hiyo. Tafiti nyingine zimepata kiwango cha chini zaidi, kutegemea umri wa wagonjwa na jinsi walivyopimwa. Kwa hiyo baba mdogo hakurogwa, hakuwa kichaa, na yale aliyomwambia mke wake hayakuwa siri ya moyo wake iliyotoboka.

Kabla ya kazi hii ya ushauri nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, na zamu za usiku nazijua. Huyo "mtu mrefu" nimeelezwa na wagonjwa wengi. Lala chali, bila miwani, taa zikiwa zimefifishwa, kisha tazama stendi ya dripu: ni mrefu, mwembamba, chupa iko pale penye kichwa, na ile pampu ya dawa ina taa ndogo inayowaka na kuzima kama jicho. Mtu mwenye akili timamu anageuza uso akalala. Ambaye hajapata usingizi wa maana tangu juzi, mwenye dawa kali za maumivu mwilini, mpira wa mkojo unaomsumbua na kengele za mashine zinazolia bila kukoma, huyo anamwona mtu. Nilikuwa nikiisogeza stendi nyuma ya kichwa cha kitanda na kumvisha mgonjwa miwani yake, na kuna waliotulia kwa hilo tu. Si wote. Lakini wapo.

Kuna sura nyingine ya hali hii ambayo familia yenu haijaiona, na ningependa muijue kwa sababu ndiyo inayopita bila kutambuliwa. Mgonjwa hapigi kelele. Analala tu, anatazama dari, anajibu kwa neno moja, hataki kula, na ndugu wanasema "mwacheni apumzike, amechoka." Huyo naye huenda amechanganyikiwa vilevile. Mama yako akiwa mkimya kupita kawaida yake, semeni.

Sasa hayo ya shangazi na mdogo wako. Shangazi ameshika ukweli kwa upande mmoja: kukaa muda mrefu kwenye mashine ya moyo na mapafu ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari. Ila ni moja kati ya mengi. Umri ni jingine. Kumbukumbu iliyoanza kulegea kabla ya upasuaji, kiharusi cha zamani, huzuni ya muda mrefu, macho na masikio mabovu, maambukizi, figo kusumbua, chumvichumvi za mwilini kuvurugika, kukaa siku nyingi na mashine ya kupumulia, maumivu yasiyotulizwa, na baadhi ya dawa, hasa za kundi la hizo za mama. Mengine hayabadiliki, mengine yanabadilika, na hapo ndipo kauli ya "hakuna awezaye kuzuia" inaposhindwa.

Kuhusu kuzidishiwa dawa ya usingizi, naelewa kwa nini mdogo wako anaamini hivyo. Ni maelezo mepesi na yana wa kulaumiwa. Lakini nchini Kanada walilijaribu jambo hilo hasa. Walichukua wagonjwa 1,140 wa upasuaji wa moyo, nusu yao wakasomwa mawimbi ya ubongo wakati wa upasuaji ili wapewe dawa kidogo iwezekanavyo. Matokeo yalitoka mwaka 2024: waliochanganyikiwa walikuwa takriban asilimia 18 kila upande. Na dawa ya kumeza au kudungwa ili kuzuia hali hii, ambayo watafiti wameitafuta kwa miaka mingi, bado haijapatikana ya kuaminika. Deksimedetomidini, dawa ya kutuliza mgonjwa, ilitiliwa matumaini makubwa. Jaribio la mwaka 2020 lililohusisha karibu wagonjwa 800 wa upasuaji wa moyo halikuonyesha kwamba inapunguza. Parasetamoli ya mshipani ilifanya vizuri kwenye jaribio la mwaka 2019, asilimia 10 dhidi ya 28, lakini hao walikuwa wagonjwa 120 tu, ni wachache mno kujengea uhakika. Mnaweza kuuliza juu yake, si kudai. Muhimu ni kwamba maumivu ya mama yatulizwe barabara, kwa sababu maumivu yenyewe huvuruga akili, na dawa za kundi la mofini zikizidi nazo huvuruga. Mizani hiyo ni ya wataalamu.

Basi kama dawa hakuna, kuna nini? Kuna mambo yanayoonekana madogo mpaka watu huyadharau. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya mpango uliofanyika katika hospitali moja ya New Haven, Marekani, kwa wagonjwa 852 wenye miaka 70 na kuendelea. Hawakuwa wa upasuaji wa moyo, walikuwa wa wodi za kawaida, na hilo tulikumbuke. Upande mmoja ulipata huduma ya kawaida. Upande wa pili uliongezewa mambo haya: kukumbushwa mara kwa mara wako wapi na ni siku gani, kusaidiwa kulala bila vidonge, kuinuliwa na kutembezwa mapema, kuvalishwa miwani na vifaa vya kusikia, kunyweshwa maji. Waliochanganyikiwa walikuwa asilimia 15 upande wa kwanza na 9.9 upande wa pili. Yaani kwa mikono, sauti na subira, karibu mmoja kati ya kila watatu ambao wangechanganyikiwa aliokolewa. Tangu hapo, mengi ya hayo yameingia kwenye miongozo ya ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi.

Nimekaa sana hapo kwa sababu ndiyo jibu la swali lako la tatu, na kwa sababu linanirudisha kwenye barua yako. Mambo mengi katika orodha hiyo yanamtegemea mtu anayemjua mgonjwa. Daktari atajua valvu ya mama yako kuliko mama mwenyewe. Hatajua kwamba sikio lake bovu ni la upande gani, kwamba swali la asubuhi hulirudia mchana, wala kwamba kila usiku kuna kidonge. Hayo unayajua wewe.

Niruhusu nisimame kwenye sentensi uliyoiandika haraka: "huo ni uzee tu." Huenda ni kweli. Lakini umeandika pia kwamba tangu mwaka jana unapitia hesabu zake, na mtu hapitii hesabu za mwenzake bila sababu. Sisemi mama yako ana ugonjwa wa kusahau. Sijamwona na mimi si daktari. Ninachouliza ni hiki: je, nanyi watoto hamjawahi kumfunika mama kidogo, kila mmoja kwa upendo, kiasi kwamba hakuna aliyemwambia daktari? Kumbukumbu iliyokwisha kulegea kabla ya upasuaji ni miongoni mwa dalili kubwa kabisa za nani yuko hatarini. Kuna vipimo vifupi vya maswali, vya dakika chache, vinavyofanywa kliniki kabla ya upasuaji. Mnaweza kuviomba. Vikionyesha jambo, haina maana upasuaji umekufa. Timu inajua tu ni mgonjwa yupi wa kuangaliwa kwa karibu, na mnapata kipimo cha kulinganisha naye baadaye.

Tuje kwenye vidonge, mahali panapouma. Unaliona suala hili kama njia panda: kutunza kiapo au kumsaliti mama. Najiuliza kama kweli ni njia mbili tu. Ulimsikia mwenyewe alichokiogopa. Alimtaja kaka yako. Alitaja kuonekana mlevi wa dawa. Hakusema anaogopa daktari. Inawezekana mbele ya daktari wa usingizi alinyamaza kwa sababu wewe ulikuwa pembeni na alishajiaibisha mbele yako mara moja. Ukimwomba arudi kliniki, mkaingia pamoja, kisha wewe ukatoka nje kwa dakika tano? Au aandike kwenye karatasi aikabidhi kwa daktari bila kutamka? Wazee wengi wanaomeza vidonge vya usingizi baada ya kufiwa wanadhani wako peke yao, na daktari wa usingizi huyasikia hayo kila wiki bila kushtuka.

Kabla ya hapo mama anahitaji kujua kwa nini lina uzito. Mwili uliozoea diazepam kila usiku ukikatiwa ghafla hudai. Kwa kuwa dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, madai yanaweza kuja baada ya siku kadhaa, hata wiki: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kuona visivyokuwepo, na kwa wengine degedege. Fikiria hayo kwa mtu mwenye mishono mipya kifuani, na madaktari waliomzunguka hawajui wanachokitafuta. Upande mwingine, akiendelea kuvimeza kwa siri wodini juu ya dawa za maumivu, anaweza kulegea mpaka kupumua kukawa shida. Na naomba sana hili lishikwe: asije akaamua kuviacha mwenyewe wiki hii ili "aingie msafi." Kupunguza diazepam ni kazi ya polepole inayosimamiwa na daktari, mara nyingi inachukua muda kuliko mwezi mlio nao. Daktari anaweza kuona ni salama zaidi aendelee na dozi yake iliyopimwa, au aanze kupunguza kidogo. Huo ni uamuzi wake akishajua. (Na nyinyi wengine mnaosoma, ambao mgonjwa wenu anakunywa pombe kila siku na nyumbani halisemwi, haya yanawahusu neno kwa neno.)

Akikataa kabisa? Hapo unabaki na mambo mawili, na yote yana gharama. Unaweza kwenda peke yako kwa daktari. Yeye anaweza kukusikiliza hata pale ambapo hana ruhusa ya kukueleza siri za mgonjwa. Unaweza kumwomba asitaje jina lako, lakini sikuahidi kwamba mama hatajua. Huenda ikabidi amuulize mama moja kwa moja, na mama si mtoto, atajua imetoka wapi. Anaweza kukununia. Anaweza kukununia muda mrefu. Au unaweza kutunza kiapo, ukaenda naye hospitali ukiwa na hofu hiyo kifuani, ukitumaini mwili wake utavumilia. Wapo wanaovumilia. Swali ambalo ningekuomba ukae nalo ni utakapokuwa umesimama nje ya ICU siku ya tatu, ukaambiwa "hatuelewi kwa nini mama anatetemeka," ungependa uwe umelipa gharama ipi. Jibu sitakupa mimi, kwa sababu atakayeishi na mama baada ya hapo ni wewe. Nadhani tu kwamba unaweza kumwambia wazi, kwa heshima: "Mama, nilikuapia kabla sijajua hatari yake. Siwezi kuubeba mzigo huu mpaka chumba cha upasuaji. Naomba tuubebe wote kabla ya siku yenyewe." Hilo si kumvizia, bado anapata nafasi ya kusema mwenyewe.

Kaka yako namwelewa. Anamwogopea mama moyo, na hofu yake ina msingi: valvu ya aota iliyokaza kwa kiwango cha kumzimisha mtu haisubiri, na wasiobadilishiwa, wengi hawafiki mbali. Lakini angalia anachotaka kumficha mama. Mama alikuwepo. Alimwona shemeji yake amefungwa mikono, na akakuambia kwa mdomo wake anavyojisikia. Hofu ipo tayari, tena ameibeba peke yake tangu mwaka juzi. Asichokijua ni kile ambacho hakuna aliyemwambia: kwamba ni ugonjwa wa mwili wala si aibu, kwamba kwa wengi hupita, na kwamba kuna mambo yanayoweza kufanywa kabla. Pengine mnapojadili kama aambiwe, swali lenyewe ni nani akae naye, na aanze kwa kumuuliza au kwa kumweleza. Mimi ningeanza kwa kuuliza: "Mama, siku ile kwa baba mdogo, uliogopa nini hasa?" Halafu ninyamaze.

Usimwambie haitatokea. Huwezi kuliahidi hilo. Wala usimfiche kwamba kwa baadhi ya watu ina mkia mrefu. Katika ule utafiti wa 2012, miezi sita baada ya upasuaji, asilimia 40 ya waliokuwa wamechanganyikiwa walikuwa bado hawajarudi kwenye kiwango chao cha akili cha mwanzo, dhidi ya asilimia 24 ya wengine. Kufikia mwaka mmoja pengo lilikuwa limepungua. Akiuliza mwambie. Asipouliza, msimlazimishe kusikia takwimu.

Kuna jambo moja analoweza kuamua mwenyewe, na kwa maneno aliyokuambia nadhani litamgusa kuliko yote: akichanganyikiwa, anataka nani awe kando yake? Pengine hataki kaka yako amwone. Pengine anakutaka wewe, au dada yake. Kama ICU inaruhusu ndugu mmoja mmoja kwa zamu, mpangilio huo uwe wa kwake.

Mkishajua zamu, muulize kliniki saa za kuingia ICU na kama ndugu anaruhusiwa kukaa muda mrefu kwa mgonjwa mzee. Kifaa cha sikioni kitoke kabatini sasa, avae nyumbani aizoee sauti yake, betri mpya ziwepo, kiende hospitali kwenye kisanduku chenye jina na muuguzi aelezwe ni sikio lipi. Miwani na meno ya bandia vivyo hivyo, kama anavyo. Dawa zote anazotumia, na hata zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi, ziandikwe kwenye karatasi moja. Mwezi huu atembee na ale kadiri daktari wa moyo atakavyomruhusu, si zaidi, kwa sababu mtu aliyezimia hajitumi mazoezi kwa kuambiwa na safu ya ushauri. Akishapasuliwa, mchana pazia liwe wazi na mtu azungumze naye. Usiku taa, simu na maongezi vipungue. Wataalamu wa fiziotherapia wakija kumwinua, msiwaambie "mwacheni leo." Muulizeni kila siku daktari kama mpira wa mkojo bado unahitajika. Na kama akianza kuhangaika, muulizeni muuguzi kama ndugu akikaa naye akimshika mkono kutawafanya wasilazimike kumfunga, maana kufungwa mara nyingi huzidisha fujo. Manesi wa usiku ni wachache na wana wagonjwa wengi. Ombeni kwa upole, mtasikilizwa.

Swali lako la mwisho ndilo lililonigusa zaidi. Ukimkuta haeleweki, kaa upande wa sikio zuri, mahali atakapouona uso wako. Aseme mtu mmoja tu, kwa sentensi fupi: "Mama, ni mimi. Uko hospitali. Umepasuliwa moyo, umeamka salama. Leo ni Jumanne." Rudia bila kuonyesha uchovu hata kama ni mara ya kumi. Akisema kuna mtu amesimama pale, usibishane naye na usikubali kwamba yupo; mwambie, "Mimi simwoni, lakini najua unaogopa, niko hapa." Akikutukana au kukushutumu, toka nje ulie ukipenda, kisha urudi. Na hali ikibadilika ghafla mwite muuguzi papo hapo, usisubiri daktari apite asubuhi, kwa sababu inaweza kuwa ishara ya maambukizi, upungufu wa oksijeni au chumvi za damu kuyumba. Mdomo ukipinda, mkono mmoja ukilegea au maneno yakishindwa kutoka, hiyo huenda ni kiharusi, na kila dakika ina thamani.

Akirudi kwenye hali yake anaweza kukumbuka vipande vipande, au asikumbuke kitu lakini ahisi watu wanamtazama kwa jicho jingine. Msifanye kama mlivyofanya kwa baba mdogo. Mwambie kilichotokea kwa kiasi anachotaka kujua, na umwambie ulikuwepo. Kabla hamjaruhusiwa kwenda nyumbani, ombeni tarehe ya kumpima tena kumbukumbu miezi michache mbele, na iandikwe kwenye kadi ile ile ya kliniki ya moyo, kwa sababu kidonda kikishafunga watu huacha kuuliza.